Kuanza u-DJ wa wikendi Nairobi: ninunue nini kwanza, na nijue nini kabla ya kuchukua pesa ya mtu?

Nyota_Umoja

Habari zenu wadau. Kazi yangu ni ya ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa, na nataka kuanza u-DJ wa wikendi: sherehe za kuzaliwa, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mikutano ya chama, na baadaye labda Jumapili mchana kwenye sehemu ya nyama choma. Nimetenga shilingi 80,000. Laptopu ninayo, Core i5 yenye RAM ya GB 8 na SSD. Wengine wananiambia ninunue spika kubwa kwanza ndiyo nipate kazi, wengine wanasema kontrola (kifaa cha kuchanganyia nyimbo zilizo kwenye laptopu), na kuna duka la barabara ya Luthuli linaniuzia miksa ya zamani pamoja na mashine mbili za CD. Naishi ghorofani, kwa hiyo mazoezi yatakuwa ya hedifoni tu. Pesa hii niigawe vipi? Programu gani? Nyimbo nitoe wapi? Na nitajuaje kwamba sasa naweza kulipwa?

SebeneSaaTatu

Karibu Nyota. Hizo mashine za CD ziache dukani. Leza ikichoka nyimbo zinaanza kuruka, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Kumbi zenye vifaa vyake hapa mjini nyingi zina CDJ au XDJ za Pioneer zinazosoma flashi, kwa hiyo mkono uufundishe huko mapema.

Kwa 80,000, usivuke 50,000 kwenye kontrola. Ya chaneli mbili inatosha kabisa. DDJ-FLX4 inatumika na rekordbox na pia Serato DJ Lite bila kulipia programu, inavuta umeme kwenye laptopu kupitia USB, na mpangilio wake unafuata ule wa CDJ na miksa ya klabu. Mtumba pia ni sawa, lakini ijaribu kabla hujatoa hata shilingi: sogeza kila fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) polepole ukiwa na hedifoni usikie kama kuna mkwaruzo au sauti inakatika, zungusha kila kitufe cha EQ (cha besi, sauti za kati na za juu), gonga kila pedi, halafu itikise kidogo kebo ya USB ikiwa imechomekwa. Tundu la USB lililolegea ndilo ugonjwa mbaya kuliko yote, maana kontrola inazimika katikati ya wimbo na muziki wote unakwenda nayo.

Elfu nane ziende kwa hedifoni za kufunika sikio lote, zenye waya. Za Bluetooth hazifai, sauti inachelewa: biti unayoisikia sikioni kwenye spika imeshapita. Elfu saba ni za kebo, elfu tano za flashi mbili na begi la kubebea. Kumi zinazobaki usiziguse. Hizo ni za nyimbo na za kukodi spika za shughuli ya kwanza.

Programu: kama lengo lako ni kuingia kumbi zenye CDJ, anza na rekordbox, kwa sababu ndiyo inayotayarisha flashi zake. Serato ni nzuri ukibaki na kontrola yako kila mahali. VirtualDJ wengi hapa wanaipenda kwa miksi za video, lakini toleo la bure ni la matumizi ya nyumbani tu. Ukishalipwa unahitaji leseni ya Pro. Chagua moja ukae nayo mwaka mzima, kwa sababu ukihama alama zote ulizoweka kwenye nyimbo unazianza upya au unazihamisha kwa taabu.

Sasa nyimbo, na hapa ndipo ningetaka muda wako mwingi uende. Shughuli ya saa nne ni dakika 240. Ukipiga kila wimbo dakika mbili na nusu hivi, hizo ni nyimbo 96. Beba mara tatu yake, kama 300, lakini uwe unazijua: sauti ya mwimbaji inaingia wapi, kiitikio kiko wapi, unaisha kwa kukatika au kwa kufifia. Diski ya nyimbo 20,000 uliyonakili kwa mtu itakufanya uendelee kutafuta huku wimbo unaisha.

Usivute nyimbo YouTube kwa zile tovuti za kugeuza video kuwa MP3. Faili itajiandika 320 kbps, lakini mara nyingi sauti za juu zilikatwa karibu na 16 kHz kabla hujaipata, na kupandisha namba hakurudishi kilichokatwa. Kwenye simu hutasikia tofauti. Kwenye spika kubwa matoazi yanasikika kama maji ya bomba. Za nje nunua Bandcamp au Beatport, au jiunge na huduma ya ma-DJ ya kulipia kila mwezi kama BPM Supreme au DJcity. Mle utapata Afrobeats, dancehall na amapiano, pamoja na matoleo yasiyo na matusi na yenye biti tupu mwanzoni za kuunganishia. Muziki wa hapa nyumbani ni mchache mle. Mdundo ina faili za kupakua za wasanii wengi wa Kenya, na kwa zile usizozipata waandikie wasanii au maprodyuza wao uwaombe MP3 ya 320. Ulizohifadhi kwenye Spotify au Boomplay ili usikilize bila intaneti zimefungwa ndani ya programu hizo. Hazihamii kwenye flashi.

Zipange mara mbili, kwa shughuli na kwa mwendo. Ruracio iwe na folda yake: injili, mugithi, zilizopendwa, rumba, na chache za vijana za mwisho wa siku. Genge na gengetone nyingi zina mistari usiyoweza kuipiga mbele ya wazee waliokuja kuposa, kwa hiyo matoleo safi yakae folda ya peke yake, na kila moja ulisikilize mwanzo hadi mwisho. Jina la faili kusema ni safi si ushahidi.

Programu ikishachambua nyimbo, pitia BPM (idadi ya biti kwa dakika) kwa macho. Reggae ya 75 mara nyingi inaandikwa 150, na ukiipanga kwa namba itakaa kati ya nyimbo za mbio. Kuna kitufe cha kugawa au kuzidisha kwa mbili, kitumie.

Mwisho flashi. Iformati kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu CDJ za zamani hazisomi NTFS wala exFAT. Kisha hamisha nyimbo kwa kutumia rekordbox yenyewe. Ukiburuta faili kwa mkono CDJ itazicheza, ila alama zako hazitakuwepo na utasubiri kila wimbo uchambuliwe upya. MP3 ya 320 inasomeka kila mahali, FLAC inakataliwa na CDJ-2000NXS na zilizotangulia. Wimbo wa dakika tano ni kama MB 12, hivyo flashi ya GB 32 inakutosha na inabaki. Nunua mbili, zijaze sawasawa.

FundiWaya

Sebene kamaliza upande wa nyimbo. Mimi naomba nikazie waya na umeme, kwa sababu shughuli nyingi za wanaoanza zinaharibikia hapo, na mtu anadhani ni kontrola.

Kontrola ndogo kama FLX4 inatoa sauti kwenye spika kwa RCA tu, zile plagi mbili za nyekundu na nyeupe. Spika na miksa za kukodi zinapokea XLR (plagi ya duara ya pini tatu) au jeki ya milimita 6.35. Kwa hiyo begi lako liwe na: RCA kwa RCA mita mbili, RCA kwa jeki mbili za 6.35, RCA kwa XLR mbili za kiume, XLR mbili za mita kumi, kebo ya pili ya USB, na kisanduku cha DI cha chaneli mbili, kile kinachogeuza sauti ya RCA isafiri kwenye XLR. RCA usiivushe mita tano. Haina kinga ya kuondoa mlio inaouokota njiani. Ukitaka kwenda mbali, ingia DI karibu na meza yako kisha toka na XLR.

Kosa moja lisikilizeni vizuri, linawatesa watu na hawajui linatoka wapi. Mtu anachukua kebo moja ya 3.5 ya stirio kutoka kwenye simu au laptopu, upande wa pili ina XLR moja au jeki moja ya pete mbili, anaichomeka kwenye tundu la spika. Muziki unatoka, lakini sauti ya mwimbaji imepotea, besi imekonda, kilichobaki ni mwangwi na vinanda vya pembeni. Sababu ni kwamba tundu lile hupokea waya mbili na kutoa moja kutoka kwa nyingine, ndivyo linavyoondoa mlio wa njiani. Wewe umeliingizia kushoto kwenye waya mmoja na kulia kwenye wa pili. Chochote kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji, besi na ngoma kubwa, kinajifuta chenyewe. Dawa ni kebo inayogawanya kushoto na kulia, kila upande uingie chaneli yake.

La pili: spika nyingi za amplifaya ya ndani zina swichi nyuma ya MIC na LINE. Kontrola ni LINE. Ikiachwa MIC sauti inakwaruza hata fada ikiwa chini, na watu wanapunguza kwenye kontrola bila faida yoyote.

Viwango vya sauti vinapangwa kwa mfuatano. Cheza sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo, pandisha TRIM (kitufe cha kiwango cha sauti inayoingia) ya chaneli hadi taa ikaribie nyekundu bila kuigusa, MASTER (sauti kuu inayotoka) nayo vivyo hivyo, halafu ndiyo uongeze kwenye spika. Zilizopendwa zilirekodiwa chini kuliko muziki wa leo, kwa hiyo TRIM utaigusa kwa kila wimbo. Hiyo ni kazi ya kawaida. Kusukuma nyekundu hakuongezi sauti. Mawimbi yanakatwa vichwa, nguvu inayozaliwa hapo inakwenda juu kwenye twita (spika ndogo za sauti kali), na twita ndizo huungua kwanza.

Kuwasha: laptopu na kontrola, kisha miksa, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Stima ikipotea, nenda moja kwa moja ukazime spika zote ukutani na usiziwashe mpaka irudi na itulie dakika moja mbili. Kontrola ya USB itaendelea kuishi kwa betri ya laptopu, hiyo ni faida kubwa, ila spika zinataka kulindwa.

Mngurumo wa 50 Hz: chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, umepata mzunguko wa ardhi kati ya chaja na spika. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja, au pitia DI na ubonyeze swichi ya kuachanisha ardhi. Msithubutu kukata pini ya ardhi ya plagi. Iko pale ili waya ukilegea ndani ya spika, umeme usimpitie anayeshika maiki.

Ekstensheni ya reli ifungueni waya wote hata kama mnahitaji mita tatu. Ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea na ala ya plastiki inayeyuka. Kwa jenereta, taa za kumetameta, friji na birika la chai visiwe kwenye laini ya sauti. Friji ikiwaka volti zinashuka na spika zinajizima.

Jua nalo. Ruracio ni mchana, hema ni jeupe, meza ya DJ inawekwa pembeni ambako saa nane jua limeingia. Laptopu ikipata moto inapunguza kasi yake yenyewe na sauti inaanza kukatikakatika. Omba kwa maandishi meza yenye kivuli hadi jioni. Inua laptopu juu ya stendi hewa ipite chini yake.

Na kwenye Windows, kabla ya shughuli: zima Wi-Fi, Bluetooth na masasisho, weka umeme kwenye utendaji wa juu, ondoa ruhusa ya Windows kuzimisha matundu ya USB ili kuokoa betri, na hakikisha sauti za taarifa za mfumo zimezimwa. Bafa ya sauti iwe sampuli 256, ambayo kwa 44.1 kHz ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 6. Ikikwaruza ongeza hadi 512. Hutausikia ucheleweshaji huo usipokuwa mtu wa kukwangua.

BesiYaKitengela

Kuhusu spika, sikubaliani kabisa na wanaosema usizifikirie. Mitaa ya huku nje, Kitengela, Rongai, Ruai, mteja wa sherehe ya nyumbani hataki DJ peke yake. Anataka kupiga simu moja ipate DJ, spika, maiki na meza. Usipokuwa na jibu anampigia mwingine.

Lakini kununua leo kwa salio la 80,000 ni kununua takataka. Zile za maelfu ya wati za PMPO (namba ya kuvutia mnunuzi tu) kwenye boksi ziruke. Tafuta wati za RMS (nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo) na kiwango cha juu cha desibeli. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Tafuta mkodishaji mmoja aliye karibu nawe, kodi kwake kila mara mpaka uzijue spika zake, na bei yake uiweke ndani ya bei yako pamoja na usafiri. Inchi 12 mbili zinatosha watu 50 hadi 80 ndani ya nyumba au hema dogo. Uwanjani ongeza sabu (spika ya besi) moja ya inchi 18, kwa sababu nje hakuna kuta za kurudisha besi, na kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza karibu desibeli 6. Ziinue kwenye stendi zipite vichwa vya walioketi, la sivyo mstari wa mbele unaziba masikio na wa nyuma wanalalamika hawasikii.

Maiki isimame nyuma ya spika, kamwe isiwe mbele yake. Kata besi ya maiki chini ya 100 Hz. Kwenye ruracio maiki ina kazi kuliko muziki: wazee wanaongea saa mbili, muziki unaingia dakika kumi hapa na pale. Betri mpya za maiki, na nyingine mfukoni.

DadaRatiba

Naongezea makubaliano, maana hayo ndiyo yanayofanya mtu mwenye kazi nyingine aipende hii au aiache.

Andika ujumbe mmoja wa WhatsApp na mteja aujibu kwa kukubali. Uwe na tarehe, mahali, saa ya kufika, saa ya kuanza na kumaliza, bei ya kila saa ya ziada, nani analeta spika, nani analeta jenereta na mafuta, meza, kivuli, maegesho, chakula. Nusu ya pesa kwa M-Pesa ndiyo inayoshika tarehe. Salio lilipwe kabla ya saa ya mwisho. Usilisubirie usiku wakati mwenye sherehe ameshaanza kusindikiza wageni na simu iko kwa mtu mwingine. Muulize pia nyimbo tano za lazima na nyimbo zisizotakiwa kabisa. Familia nyingine hazitaki wimbo wowote usio wa injili kabla ya chakula.

Shughuli ya kampuni ni tofauti. Watataka PIN ya KRA na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), kwa sababu tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi kwenye hesabu yao ya kodi. Jisajili mapema, ni bure.

Kelele usizichukulie kirahisi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika mtaa wa makazi kiwango cha nje kinashuka kutoka desibeli 50 mchana hadi 35 usiku. Watu wawili wakizungumza kawaida wanafika 60 hivi. Maana yake sherehe yoyote yenye spika uani inahitaji kibali cha kaunti, na kwenye makubaliano iandikwe kwamba mwenye sherehe ndiye anakitafuta na atakutumia picha yake. Majirani wakiita polisi, vifaa vitakavyopakiwa ni vya kwako.

Haki za muziki: baa na kumbi hukata leseni ya kucheza muziki hadharani. Sherehe ya wageni wengi kwenye uwanja wa kukodi, uliza mapema nani anailipia. Vyama vya kukusanya mirabaha hupewa leseni na KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya), kwa hiyo kabla ya kulipa yeyote hakikisha chama hicho kina leseni ya mwaka huo. Miksi za kuweka mtandaoni zipeleke Mixcloud, ambayo ina makubaliano ya kulipa wenye nyimbo. YouTube inazitambua nyimbo yenyewe na video inaweza kuzuiwa.

Kwa mwenye ofisi Jumatatu: anza na shughuli za mchana, Jumamosi na Jumapili, na usichukue mbili wikendi moja hadi uzoee. Na linda masikio. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una robo saa. Vizibo vya masikio vya wanamuziki vinapunguza sauti bila kuiziba, na hedifoni uishushe kila baada ya wimbo, kwa sababu mkono una tabia ya kuipandisha bila wewe kujua.

Nyota_Umoja

Asanteni sana, nimeshakataa zile CD. Maswali mawili yamebaki. Nikijaribu kwenye programu, gengetone ya 100 kwenda amapiano ya 113 inasikika vibaya hata nikibonyeza SYNC (kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili). Na rumba na benga za zamani SYNC inazikosea kabisa, biti zinaachana baada ya sekunde chache. Ni laptopu?

SebeneSaaTatu

Laptopu yako haina shida.

Kutoka 100 hadi 113 ni asilimia 13. Hata ukifunga ufunguo wa sauti usipande, mwimbaji aliyevutwa kiasi hicho anaanza kusikika kama anaongea ndani ya bomba. Usivuke asilimia 4 au 5 kwa wimbo wenye sauti ya mtu. Njia ya kwanza ni ngazi: 100, halafu Afrobeats ya 104, dancehall au Afrobeats ya 108, kisha amapiano ya 112. Wimbo mmoja mmoja, dakika mbili mbili, na uwanja haujui umepandishwa. Njia ya pili ni kukata. Ngoja mwisho wa kiitikio, weka mwangwi kwenye neno la mwisho, shusha fada, na wimbo mpya uanze kwenye biti ya kwanza kabisa ya mzunguko wake. Mwangwi unaziba pengo na hakuna anayehesabu BPM.

Hesabu ndiyo ya kuzoeza. Muziki wa dansi karibu wote unakwenda kwa biti nne, na mambo yanabadilika kila biti 32: mwimbaji anaingia, besi inatoka, kiitikio kinafika. Wimbo wa pili uanzishe pale wa kwanza unapoanza biti 32 mpya. Ukianzisha biti ya tisa, hata zikilingana sawasawa, viitikio vitagongana. Na besi iwe moja kila wakati: wimbo unaoingia uingie besi yake ikiwa imekatwa, halafu kwenye biti ya 1 ya mzunguko ufuatao zungusha vitufe viwili kwa pamoja, hii ishuke ile ipande.

Rumba na benga za zamani zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, bila mashine ya kuhesabu. Mpiga ngoma anapoingia sebene anapandisha mwendo, na ndivyo inavyotakiwa. Programu imesoma mwendo wa mwanzo ikachora mistari iliyo sawa hadi mwisho, kwa hiyo dakika ya nne mistari iko mahali pengine na ngoma iko mahali pengine. Kwenye rekordbox, nyimbo hizo zichambue upya kwa namna ya Dynamic badala ya Normal, itafuata mabadiliko. Kisha bado zima SYNC unapozipiga. Weka alama ya kwanza pale sebene inapoanza, ile sehemu gitaa linachukua usukani, na ya pili mahali ngoma zinabaki peke yake kama zipo. Unganisha kwa biti nne hadi nane tu, mkono ukiwa pembeni ya sahani ya kontrola kuisukuma au kuizuia kidogo. Ukilazimisha biti 32 zitaachana tu. Kwa wazee mara nyingi ni bora kuacha wimbo uishe wote, kwa sababu huo walioomba wanaujua hadi tamko la mwisho.

Kujua kama uko tayari: rekodi saa nzima bila kusimamisha, iache, isikilize kesho yake ukiwa ndani ya matatu au ukiosha vyombo, kalamu karibu. Andika dakika ya kila mahali waimbaji wawili waliongea pamoja, besi mbili ziligongana, au sauti iliruka juu au chini. Makosa ya mtindo yaache, hayo matatu yamalize. Ukipata saa nzima isiyo nayo, mwombe mtu wa nyumbani akutajie nyimbo ovyo ovyo huku ukipiga. Kila wimbo uupate na kuuweka tayari ndani ya sekunde 15. Hapo chukua sherehe ya kwanza, ya watu ambao hutawaogopa.

Na siku hiyo, chaneli ya pili ya miksa ya ukumbini iwe imechomekwa simu yenye miksi yako ya saa nzima, kwa ile kebo ya kugawanya kushoto na kulia aliyoitaja FundiWaya, fada ikiwa chini. Laptopu ikiganda unapandisha fada hiyo, muziki unaendelea, na unaiwasha upya bila uwanja kujua. Simu iweke katika hali ya ndege tangu mwanzo, la sivyo kila ujumbe wa M-Pesa utalia kwenye spika zote.